Siku ya Columbus haijawahi kufutwa, kwa hiyo hakuna aliyeirudisha

Oktoba 9, 2025, Rais Donald Trump alitia saini tangazo la Siku ya Columbus mbele ya mawaziri wake. Aprili ya mwaka huo alikuwa ameshaandika mtandaoni kwamba anaifufua siku hiyo kutoka kwenye majivu. Walioshangilia walisema heshima ya Christopher Columbus, baharia wa Genoa aliyefika Amerika mwaka 1492, imerudi. Waliokasirika walisema Wenyeji Asilia wa Amerika wamepokonywa siku yao, iliyotangazwa na Joe Biden tarehe hiyo hiyo. Pande zote mbili zilichukulia kwamba ipo sikukuu iliyouawa na Joe Biden na kufufuliwa na Trump, na hapo ndipo zilipokosea pamoja. Siku ya Columbus ilibaki kuwa sikukuu ya serikali kuu ya Marekani katika kila mwaka wa utawala wa Biden, na tangazo la Trump halikugusa hata mstari mmoja wa sheria. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba ugomvi huu unatazamwa mahali pasipo na uamuzi. Rais hawezi kuifuta sikukuu hiyo wala kuirudisha. Wanaoweza ni Congress, yaani Bunge la Marekani, kwa upande wa serikali kuu, na mabunge ya majimbo, mabaraza ya miji na bodi za shule kwa upande wa maisha ya kila siku. Huko, mbali na kamera, mabadiliko yamekuwa yakiendelea kwa zaidi ya miaka 30, na huko ndiko kila upande utakakopata au kukosa unachokitaka.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayorukwa. Sikukuu za serikali kuu zimeorodheshwa katika kifungu cha 6103 cha Juzuu ya 5 ya sheria za Marekani. Ziko 11, na mojawapo ni Siku ya Columbus, Jumatatu ya pili ya Oktoba. Iliingia kwenye orodha hiyo kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1968 na kuanza kutumika Januari 1, 1971, ambayo shabaha yake kubwa ilikuwa kuwapa wafanyakazi wikiendi ndefu. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyohamishia Jumatatu siku ya kuzaliwa ya George Washington na siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Kabla ya hapo kulikuwa na azimio la Congress la mwaka 1934 lililomwomba Rais aitangaze Oktoba 12 kuwa Siku ya Columbus. Ombi hilo bado limo katika kifungu cha 107 cha Juzuu ya 36: Rais anaombwa kutoa tangazo kila mwaka, kuagiza bendera zipandishwe kwenye majengo ya serikali, na kuwaalika wananchi waadhimishe siku hiyo shuleni, makanisani na mahali pengine panapofaa. Ndiyo sababu Biden, alipokuwa Rais wa kwanza kutoa tangazo la Siku ya Wenyeji Asilia, Oktoba 8, 2021, alitoa siku hiyo hiyo na tangazo la Siku ya Columbus. Aliyatoa yote mawili, na aliendelea kuitangaza Siku ya Columbus hadi mwaka wake wa mwisho Ikulu.

Kilichotoweka mwaka 2025 ni lile tangazo la Siku ya Wenyeji Asilia. Halikuwa na kifungu chochote nyuma yake, kwa hiyo kuliondoa hakukuhitaji kura, mjadala wala kesi. Ilitosha Rais mpya asilitoe. Hili ndilo jambo ambalo wanaharakati wa Wenyeji Asilia wangepaswa kulisoma kwa makini kuliko maneno ya majivu na ufufuo. Walichosherehekea mwaka 2021 kilikuwa karatasi yenye heshima kubwa na mizizi mifupi.

Mapumziko yenyewe hayatokani na tangazo. Yanatokana na kifungu cha 6103, na athari zake zinafika hadi kwetu. Jumatatu hiyo mtumishi wa serikali kuu analipwa akiwa nyumbani na Posta haisambazi barua. Benki Kuu ya Marekani nayo inafungwa, hivyo fedha zinazopita kwenye mifumo yake ya malipo kati ya benki na benki zinasubiri hadi Jumanne. Mtu wa Kinondoni anayetumiwa fedha na ndugu yake wa Minneapolis kwa njia ya benki, zikiwa zimetumwa Ijumaa jioni, anaongezewa siku nzima ya kusubiri. Ofisi za uhamiaji zinafungwa, na balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi nazo hazipokei watu. Soko la hisa la New York, kwa upande mwingine, linafanya biashara kama kawaida wakati soko la hati fungani linapumzika. Kampuni binafsi hazilazimiki kufunga, na nyingi hazifungi. Utaratibu huu ulikuwa hivyo chini ya Obama, ukawa hivyo chini ya Trump, ukaendelea chini ya Biden, na unaendelea sasa.

Wakenya wameliona jambo hili kwa macho yao. Katiba ya 2010 ilitaja siku tatu tu za kitaifa, yaani Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, na kwa miaka kadhaa serikali ikaacha kuadhimisha Siku ya Moi, Oktoba 10, kana kwamba imekufa. Novemba 2017 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu akaamua kwamba siku hiyo ingali sikukuu, kwa kuwa imo kwenye Sheria ya Sikukuu na hakuna aliyeiondoa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Mwaka 2018 Wakenya wakapumzika Oktoba 10. Baadaye siku hiyo ilibadilishwa jina ikawa ya Utamaduni, kisha ya Mazingira. Kukaa kimya hakukuifuta, kama vile kelele za Washington zisivyoifuta wala kuifufua ya Columbus.

Sasa tuitazame sikukuu yenyewe na watu walioipigania, kwa sababu bila wao huwezi kuelewa kwa nini inang'ang'aniwa. Kumbukumbu za Columbus zilikuwepo mapema: New York na Baltimore waliadhimisha miaka 300 ya safari yake mwaka 1792. Lakini nguvu iliyoifanya iwe sikukuu ya kila mwaka ilitoka kwa wahamiaji Wakatoliki, hasa Waitaliano, waliokuwa wakidharauliwa na kushambuliwa. Machi 14, 1891, mjini New Orleans, umati ulivamia gereza na kuwaua Waitaliano 11 baada ya mahakama kushindwa kuwatia hatiani walioshtakiwa kwa mauaji ya mkuu wa polisi, David Hennessy. Italia ikamwita balozi wake nyumbani. Mwaka uliofuata serikali ya Rais Benjamin Harrison ikalipa Italia fidia ya dola 25,000, na Julai ya 1892 Harrison akatangaza sikukuu ya mara moja ya kuadhimisha miaka 400 ya safari ya Columbus. Tarehe aliyoitaja ilikuwa Oktoba 21, na haikuwa kosa: Oktoba 12 ya mwaka 1492 ni ya kalenda ya zamani ya Julian, na kwa kalenda tunayotumia leo inaangukia tarehe 21. Kiapo cha utii kwa bendera ambacho watoto wa Marekani hukisema shuleni kiliandikwa kwa ajili ya siku hiyo.

Kutoka hapo, kazi iliendeshwa na vyama. Chama cha Wakatoliki kilichojiita Knights of Columbus, kilichoanzishwa New Haven mwaka 1882 na Padri Michael McGivney, kilisukuma suala hili jimbo kwa jimbo. Huko Denver, mchapishaji Mwitaliano Angelo Noce alilipigania hadi bunge la Colorado likaifanya Siku ya Columbus kuwa sikukuu ya jimbo mwaka 1907, Colorado ikawa ya kwanza. Mtu aliyeambiwa kila siku kwamba si Mmarekani kamili alikuwa amepata jibu: aliyefungua njia ya kufika nchi hii alizaliwa Genoa. Kwa familia hizo Columbus alikuwa hati ya uraia, na wengi wao hawakuwa na habari, wala haja ya kuwa na habari, ya alivyotawala kisiwa cha Hispaniola (leo Haiti na Jamhuri ya Dominika).

Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za kuitetea siku hii, na anayeidharau atashindwa kuelewa kwa nini wajumbe wa mabaraza ya miji wenye majina ya Kiitaliano husimama peke yao kupinga. Los Angeles ilipopiga kura mwaka 2017 kuiondoa Siku ya Columbus, matokeo yalikuwa 14 kwa 1, na huyo mmoja, Joe Buscaino, alikuwa akisema kwa niaba ya jamii yake. Hoja yake haikuwa kwamba Wenyeji Asilia hawastahili siku. Alikuwa akipinga jamii moja kuheshimiwa kwa kuivua nyingine heshima.

Hoja ya pili ni ya ubaharia, nayo inastahili kupimwa kwa haki. Ile ya kwamba Columbus alithibitisha dunia ni mviringo tuiweke kando, kwa kuwa wasomi wa wakati wake walilijua hilo kwa karne nyingi. Wataalamu wa Ureno na Hispania waliomkatalia walibishana naye kuhusu umbali, na wao ndio waliokuwa sahihi. Columbus alichukua kipimo cha Al-Farghani, mnajimu wa karne ya 9, aliyesema digrii moja ya mzingo wa dunia ni maili 56 na theluthi mbili. Al-Farghani alihesabu kwa maili za Kiarabu, zinazokaribia kilomita mbili kila moja. Columbus akazisoma kama maili za Kirumi, zilizo fupi zaidi, na kwa hesabu hiyo dunia ikapungua kwa karibu robo. Akaongeza na kuinyoosha Asia kuelekea mashariki kuliko ilivyo, akafikia kwamba kutoka visiwa vya Canary hadi Japani ni takriban kilomita 4,400. Umbali halisi kwa njia ile ni zaidi ya mara nne. Kama Amerika isingekuwepo katikati, mabaharia wake karibu 90 wangekufa kwa kiu baharini.

Alichokijua kwelikweli ni pepo. Alitoka Palos Agosti 3, 1492, na badala ya kukata moja kwa moja kuelekea magharibi akashuka kwanza Canary, ambako usukani wa meli yake ya Pinta ulitengenezwa na matanga ya pembetatu ya meli ya Niña yakabadilishwa yakawa ya mraba ili yashike upepo wa nyuma. Aliondoka Gomera, kimoja cha visiwa hivyo vya Canary, Septemba 6 akisukumwa na pepo za mashariki, na siku 36 baadaye akafika Guanahani, katika visiwa vya Bahamas. Wakati wa kurudi hakujaribu kupambana na pepo hizo. Alipanda kaskazini hadi alipozipata pepo za magharibi, zikamrudisha kupitia Azores. Msomaji wa pwani yetu, ambaye babu zake walikwenda Arabuni na kusi na kurudi na kaskazi, anajua thamani ya kuijua njia ya kurudi. Njia hiyo ya mzunguko ilitumiwa na meli za matanga kwa karne zilizofuata, na kwa ubaharia peke yake Columbus anastahili nafasi yake vitabuni.

Hoja ya tatu ndiyo inayorudiwa zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba tusimhukumu mtu wa karne ya 15 kwa mizani ya leo, kwa kuwa alikuwa mtu wa zama zake. Shida ni kwamba zama zake zilimhukumu. Mwaka 1495 alikamata Wataino, yaani Wenyeji wa kisiwa cha Hispaniola, wapatao 1,500 na kuwapakia meli kiasi cha 500 kati yao kwenda kuuzwa Hispania. Takriban 200 walikufa njiani na kutupwa baharini. Malkia Isabella alisimamisha mauzo ili kwanza wanatheolojia waseme kama ni halali, na Juni 1500 akaamuru waliouzwa waachiwe na kurudishwa kwao. Mwezi Agosti mwaka huo huo mjumbe wa Malkia na mumewe Mfalme Ferdinand, Francisco de Bobadilla, alifika Santo Domingo, mji wa Hispaniola, akasikiliza mashahidi, na kabla mwaka haujaisha akamrudisha Columbus Hispania akiwa na minyororo. Ni kweli walalamikaji wengi walikuwa Wahispania wenyewe waliochoshwa na ukatili wake kwao, na ni kweli pia wafalme walimwachia huru. Lakini ugavana hawakumrudishia. Desemba 1511 padri Antonio de Montesinos alisimama mimbarini Santo Domingo akawauliza walowezi kama Wenyeji si binadamu wenye roho. Hao wote walikuwa watu wa zama zile zile, wa dini ile ile na wa ufalme ule ule.

Iko na hoja ndogo inayotembea pamoja na hiyo, kwamba waliowamaliza Wataino ni magonjwa, wala si watu. Magonjwa yaliua wengi sana katika Amerika yote, hilo halina ubishi. Kwa Hispaniola, lakini, tazama mpangilio wa miaka. Columbus aliwawekea Wataino wa eneo la dhahabu kodi: kila mwenye umri wa miaka 14 na zaidi alete dhahabu ya kujaza njuga moja ndogo, ya aina inayofungwa mguuni mwa mwewe wa kuwindia, kila miezi mitatu, na wasiokuwa karibu na migodi walete pamba ya karibu kilo 11. Aliyelipa alivishwa kipande cha shaba shingoni kuwa stakabadhi yake. Dhahabu ya mito ile haikutosha, watu wakakimbilia milimani, mashamba ya mihogo yakaachwa, njaa ikaingia. Baadaye kodi ikageuzwa kuwa kazi ya lazima kwa walowezi. Hesabu iliyofanywa mwaka 1514, wakati wa kuwagawa wafanyakazi, ilikuta Wataino takriban 26,000 tu katika kisiwa ambacho hata makadirio ya chini huanzia idadi iliyo mara kadhaa zaidi ya hiyo. Ndui, ugonjwa unaotajwa zaidi na watetezi wa hoja hii, uliripotiwa kisiwani mwishoni mwa 1518. Kufikia hapo sehemu kubwa ya watu walikuwa wameshakwisha.

Upande wa pili nao una hoja isiyosimama. Husemwa mara kwa mara kwamba Columbus hakuwahi kukanyaga ardhi ya Marekani, hivyo sikukuu haina maana tangu mwanzo. Bara hakufika, ni kweli. Lakini Novemba 1493, katika safari yake ya pili yenye meli 17, alifika St. Croix na kisha Puerto Rico, na maeneo hayo mawili leo yako chini ya Marekani. Wakazi wake ni raia wa Marekani, na damu ya Wataino bado imo ndani ya wengi wao. Kusema hakufika Marekani ni kuwasahau haohao ambao mabadiliko ya siku hii yanadai kuwakumbuka.

Tena hutajwa hofu ya kufuta historia. Huku kwetu nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama Malindi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ingawa baharia huyo huyo mwaka 1502 aliichoma moto meli ya mahujaji iliyoitwa Miri pamoja na abiria wake. Historia yake inasomwa, nguzo inatembelewa, na hakuna anayeona kwamba Kenya imefuta chochote kwa kutompa siku ya mapumziko. Kuijua historia ya mtu ni jambo moja, na kumpa heshima ya taifa kila mwaka ni uamuzi mwingine, unaofanywa na kizazi kilichopo.

Basi uamuzi huo unafanywaje Marekani, na unakwama wapi? Wa kwanza kuufanya kwa sheria walikuwa South Dakota mwaka 1990, miaka 100 baada ya mauaji ya Wounded Knee, ambako jeshi la Marekani liliwaua Walakota, Wenyeji Asilia wa eneo hilo. Gavana George Mickelson, aliyekuwa wa chama cha Republican, alilichukua wazo la mhariri Mlakota Tim Giago, na bunge la jimbo likaigeuza Siku ya Columbus kuwa Siku ya Wenyeji wa Amerika. Berkeley ya California ikafuata mwaka 1992, miaka 500 ya safari ile. Minneapolis na Seattle zikafanya hivyo mwaka 2014, na mwaka 2019 peke yake Maine, New Mexico na Vermont zikapitisha sheria zao. South Dakota ni jimbo linalowapigia kura Republican miaka nenda rudi, na siku yake haijatikisika chini ya Rais yeyote. Imo kwenye sheria ya jimbo.

Kinachokwamisha mara nyingi ni njia iliyotumika. Baraza la jiji linaweza kupitisha azimio la kuitambua siku, na azimio hilo halibadilishi ratiba ya watumishi wala mikataba ya vyama vya wafanyakazi. Jumatatu ikifika, slipu ya mshahara bado inasema Siku ya Columbus. Ili ibadilike inabidi ipitishwe sheria ndogo ya jiji, na mkataba wa wafanyakazi usomwe kwanza, kwa sababu siku ya mapumziko iliyotajwa kwa jina humo haiondolewi bila majadiliano. Meya anayekwepa baraza na kutumia amri yake mwenyewe anajitafutia kesi: huko Philadelphia mwaka 2021 meya alibadilisha jina kwa amri, na mjumbe wa baraza pamoja na vyama vya Wamarekani wenye asili ya Italia wakamfikisha mahakamani. Mwaka huo huo idara ya elimu ya New York ilitoa kalenda ya shule isiyokuwa na Waitaliano kabisa, ikashambuliwa, na ndani ya siku hiyo hiyo ikairekebisha kuwa Siku ya Urithi wa Waitaliano na Siku ya Wenyeji Asilia kwa pamoja. Jiji la Columbus, Ohio, lenye jina la baharia huyo, lilipita mlango mwingine. Mwaka 2018 lilifungua ofisi zake Siku ya Columbus na kuihamishia ile siku ya mapumziko kwenye Siku ya Maveterani. Hakuna sherehe iliyopigwa marufuku wala jina jipya lililotafutwa.

Colorado ndiyo iliyofika mbali zaidi, na ndiyo ninayoiona kuwa imelielewa suala lenyewe. Jimbo lililokuwa la kwanza kuifanya Siku ya Columbus kuwa sikukuu liliiondoa mwaka 2020 kwa sheria iliyosainiwa na Gavana Jared Polis, na mahali pake likaweka siku ya Frances Xavier Cabrini, Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Cabrini alizaliwa Italia mwaka 1850, akafika New York mwaka 1889 akiwa mtawa, akajenga shule, hospitali na nyumba za yatima kwa ajili ya wahamiaji hao hao waliokuwa wakidharauliwa, zikiwemo huko Denver. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1946, raia wa kwanza wa Marekani kupewa heshima hiyo. Ile haja ya Angelo Noce, ya kwamba Mwitaliano aonekane kwenye kalenda ya nchi yake mpya, imetimizwa na mtu aliyeishi kati yao na kuwahudumia. Wapo Waitaliano ambao hawakuridhika, na wapo Wenyeji Asilia waliosema siku haikupewa wao. Malalamiko yote mawili ni ya haki. Lakini Colorado ilitenganisha mambo mawili ambayo nchi nzima inayachanganya: heshima ya jamii moja na heshima ya mtu mmoja.

Nchi nyingine za bara hilo zilibadilisha haraka zaidi, kwa kuwa huko mamlaka yako mahali pamoja. Venezuela iliiita Oktoba 12 Siku ya Upinzani wa Wenyeji Asilia mwaka 2002, na Argentina mwaka 2010 ikaifanya Siku ya Kuheshimu Utofauti wa Tamaduni, kwa amri za marais. Bahamas, ambako Columbus alitua, iliacha kuadhimisha siku ya ugunduzi na tangu 2013 inawaenzi mashujaa wake wa taifa. Anayezitumia nchi hizo kumlaumu Rais wa Marekani asiyefanya vivyo hivyo anasahau kwamba Rais huyo hana kalamu hiyo.

Kwa Congress, njia ni ndefu lakini inajulikana. Miswada ya kuweka Siku ya Wenyeji Asilia badala ya Siku ya Columbus imewasilishwa zaidi ya mara moja na ikafia kwenye kamati. Muswada kama huo unahitaji kura nyingi katika Baraza la Wawakilishi, na kwa desturi ya Seneti ya kuruhusu mjadala usio na kikomo unahitaji maseneta 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe na kura ipigwe. Baada ya hapo ni saini ya Rais, au theluthi mbili za mabaraza yote mawili akikataa. Muswada wa siku ya Martin Luther King uliwasilishwa na John Conyers siku chache baada ya kuuawa kwa King mwaka 1968 na ukawa sheria mwaka 1983. Kuongeza sikukuu huwa rahisi kisiasa kuliko kubadilisha jina la iliyopo, kama ilivyoonekana kwa Juneteenth, siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa, mwaka 2021, ingawa kila siku ya ziada ya mapumziko ina gharama yake kwa serikali na wapinzani huitaja gharama hiyo kwanza.

Njia ya kuongeza nayo ina mtego, na Wenyeji Asilia wameshaingia humo. Mwaka 2009 Congress ilipitisha sheria ya Siku ya Urithi wa Wenyeji wa Amerika, Rais Obama akaisaini, ikapangwa Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani. Ijumaa hiyo ndiyo siku kubwa kuliko zote ya punguzo la bei madukani nchini humo. Sheria haikuiingiza siku hiyo kwenye kifungu cha 6103, kwa hiyo hakuna anayelipwa akiwa nyumbani kwa ajili yake, na Wamarekani wengi hawajawahi kuisikia.

Kwa hiyo anayeandaa muswada unaofuata, wa kubadilisha au wa kuongeza, ana vifungu viwili vya kushika kwa pamoja. Akirekebisha 6103 peke yake, jina kwenye orodha ya sikukuu litabadilika, lakini kifungu cha 107 cha Juzuu ya 36 kitabaki kikimwomba kila Rais atangaze Siku ya Columbus Jumatatu ile ile, na kila Oktoba mgogoro utarudi pale pale kwenye meza ya kutia saini. Akirekebisha 107 peke yake, tangazo litabadilika na mapumziko yatabaki kwa jina la zamani. Wapinzani wa muswada wanalijua hili vizuri, kwa hiyo msomaji atakayeona habari kwamba sikukuu imefutwa au imerudishwa aangalie kwanza ni kipi kati ya vifungu hivyo kimeguswa.